Kunguru Hajamaliza Mkataba

Wakazi wengi wa Dar es Salaam huamshwa na simu. Mimi huamshwa na mtaalamu. Saa kumi na moja na nusu alfajiri anatua kwenye bati juu ya kitanda changu, anatembea hatua nne kwenda na tatu kurudi kwa kucha ambazo hajawahi kuzikata, kisha anatoa taarifa: kwaa, kwaa, kwaa. Hana kitufe cha kumzima. Hajui Jumapili wala Idi. Umeme ukikatika, yeye hakatiki.

Nasikia watu wakimsema vibaya. Mwizi, mchafu, mlafi, mshari. Mimi simo. Nimeishi naye uani miaka 11 sasa, na mtu mliyekula pamoja muda wote huo, hata kama mlaji alikuwa mmoja, yafaa umtendee haki.

Kwanza tujue alivyofika, maana wapo wanaomwita mvamizi kana kwamba alishuka ufukweni usiku bila nauli. Huyu aliitwa. Kwao ni Bara Hindi. Miaka ya 1890, Zanzibar ilipokuwa imeingia chini ya himaya ya Waingereza, mji ulikuwa na taka nyingi, na wakubwa wakaona kuliko kuzizoa ni nafuu kumleta ndege wa kuzila. Kwa hiyo alifika pwani hii akiwa na kazi mkononi, jambo ambalo wengi wetu tulioshuka stendi na begi moja hatukuwa nalo. Hata jina lake la kitaalamu alikuja nalo, Corvus splendens, na hilo la pili maana yake ni mwenye kung'aa. Mtazame akiwa juu ya ukuta wako na kiganja cha dagaa wako mdomoni, na shingo yake ya kijivu kama kola ya karani mkuu. Anang'aa kweli.

Naye, kama mwajiriwa yeyote mwenye akili, hakuchukua muda kugundua kwamba chakula kina ladha zaidi kabla hakijawa taka. Akahama jalalani, akahamia jikoni. Mwaka 1947 alishaonekana Mombasa. Leo Dar, Tanga, Mombasa, Malindi, kote ana ofisi, na hakuna hata moja inayofungwa kwa chakula cha mchana. Hiyo ndiyo saa yake ya kazi.

Jiko langu liko uani, chini ya mwembe: jiko la mkaa, karai, na mbuzi ya kukunia nazi. Aliyewahi kukalia mbuzi anajua kwamba macho hayatakiwi kuondoka kwenye meno yake, la sivyo utachanganya nazi na vidole. Kunguru analijua hilo kuliko mimi. Ninapoinama, anashuka kwenye ukingo wa bakuli, anachota nazi niliyoikuna sasa hivi, anaonja huku ameinua kichwa kama mzee anayepima chumvi ya mchuzi, na anaondoka. Nikishakamua tui na kuyamwaga machicha pembeni, hayagusi. Machicha anawaachia kuku.

Siku ya samaki huja wanne. Nikianza kupaa vibua, wanajipanga ukutani kwa nidhamu. Mmoja anashuka kuokota utumbo, mwingine anaokota matamvua, kazi safi kabisa, mpaka unaanza kuwaza kwamba Waingereza walikuwa na hoja. Ukisharidhika kuwa hawa ni wafagizi tu, unageuka kuchukua ndimu. Ukirudi, ubao ni mkavu, wafagizi hawapo, na kibua mmoja hayupo pia.

Mwaka jana alikuja mama mkwe kutoka Tanga. Nilidamka kwenda soko la samaki la Feri, nikanunua changu wa heshima, nikamkaanga mwenyewe, na kichwa nikakitenga kwa ajili ya mgeni. Nilikifunika kwa kawa, juu ya kawa nikalaza mwiko. Kunguru wa kwanza alitua kwenye kamba ya nguo, akaanza kuvuta kibanio cha shati langu. Nikamkimbilia. Nilipogeuka, mwiko ulikuwa chini, kawa imeegemea jiko, na kichwa cha changu kinapaa taratibu juu ya paa la jirani. Mama mkwe alikuwa mkekani, anakisindikiza kwa macho.

"Mkwe," aliniuliza, "huyo ndege ni wako?"

"Hapana mama. Sisi ndio wake."

Wahenga walisema kunguru hafugiki. Hawakutaja kwamba yeye anafuga. Mama mkwe alikula mkia. Hajalalamika mpaka leo, na hajarudi.

Bustanini mchango wake ni mkubwa zaidi. Nina tuta la mchicha, tuta la matembele, bamia kidogo, mashimo ya mahindi na mpapai mmoja. Bwana shamba sijawahi kumwona mtaani kwetu, lakini kunguru anakagua kila siku. Msimu uliopita nilipanda mahindi mbegu mbilimbili kila shimo. Yalipochipua urefu wa kidole, alipita shimo kwa shimo, akalishika kila chipukizi kwa mdomo, akaling'oa ili kuona kama mbegu ilikuwa bora, akaila ile mbegu, na lile jani akalilaza pembeni ya shimo kama risiti. Mashimo 20, risiti 40. Hakukosea hesabu.

Na papai. Mimi hulitambua lililoiva kwa rangi. Yeye anaijua tarehe, na tarehe yake hutangulia yangu kwa siku moja. Tundu hulitoboa upande unaoelekea kwa jirani, ili mimi nikisimama mlangoni nilione zima, la manjano, limenona. Nimefaidi papai zima kwa macho wiki nzima, nikakaribisha na wageni walione. Siku niliyopanda ngazi kulichuma, lilikuwa kopo.

Kuku nao amewapangia uzazi. Mtetea wangu alitotoa vifaranga 11. Niliwafunika kwa tenga, lakini kifaranga ni mtoto, na mtoto hupenda kuchungulia. Kila aliyechungulia alipata usafiri. Baada ya siku tisa wakabaki watatu, na gharama yangu ya pumba na chenga za mchele ikashuka kwa kiasi ambacho hakuna mtaalamu wa ufugaji aliyewahi kunishauri.

Pia tumepata utulivu. Zamani uani kulikuwa na kelele: shorwe wanaitana kwenye mpera, chozi wanapigania maua ya mgomba, shomoro wanagombana chini ya bati. Kunguru alitembelea viota vyao kimoja kimoja, akaanza na mayai, akamalizia na makinda. Hata kunguru wetu wa asili, yule mwenye kifua cheupe kama amevaa kanzu, alipisha mji. Sasa kuna sauti moja tu, na hakuna haja ya kubahatisha ni ya nani. Viwavi wa mchicha, ambao zamani waliliwa na hao wapiga kelele, wamenawiri sana. Nimekuwa mfugaji wa viwavi bila kuomba mkopo.

Wanaomdharau hawajui akili yake. Mwaka 2006, watafiti wa chuo kikuu cha Washington huko Seattle, Marekani, walivaa barakoa ya sura ya mtu wa mapangoni, wakawakamata kunguru wachache, kisha wakawaachia. Miaka ikapita. Kila aliyekatiza pale akiwa na barakoa ile alizomewa, hata na kunguru ambao siku ya tukio hawakuwapo. Habari zilikuwa zimewafikia. Wale ni binamu wa huyu wetu, na inaonekana ukoo unawasiliana.

Mimi nilimrushia kokoto mara moja tu, mwaka 2019. Kuna methali inasema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Wangu aliukimbiza ubawa wake mita mbili, akatua, akanitazama sura kwa makini, akaihifadhi. Tangu siku hiyo hunisindikiza kila asubuhi kutoka mlangoni hadi kituo cha daladala, nguzo kwa nguzo, akinitangaza kwa sauti. Nimejaribu kubadili shati, nimejaribu kofia, nimejaribu kupita uchochoro wa nyuma. Mtaa mzima unajua nimetoka saa ngapi na nimerudi saa ngapi. Mwenye duka ninayedaiwa naye hana haja tena ya kumtuma mtoto aje kuulizia, anasikiliza tu.

Ni mjenzi pia. Kiota chake kiko kwenye mwembe, juu kabisa ya jiko, cha vijiti na waya. Ule waya niliutambua: ndio uliofunga wigo niliouzungushia bustani ili asiingie. Humo jike hutaga mayai matatu hadi matano, na wakiwa na makinda, baba mtu hulinda eneo. Nikienda kuwasha mkaa huvaa sufuria kichwani. Majirani wanacheka, lakini wao kunguru wao bado hawajafikia hatua ya kuwa na familia.

Kwa sifa zote hizi, ungetegemea apewe nishani. Badala yake, wakubwa walioirithi miji hii wamejaribu kumstaafisha kwa nguvu. Zanzibar wametega, Dar wametega. Kenya, mwaka 2024, shirika la wanyamapori lilitangaza nia ya kuwapunguza kunguru milioni moja kabla mwaka haujaisha. Sumu inayotumika inaitwa Starlicide. Ilitengenezwa Marekani kwa ajili ya kwezi, na inaua polepole kwa makusudi, ili mlaji akafie mbali na wenzake wasiushuku mnofu. Sifa gani kubwa kuliko hiyo? Watu wamekaa, wamepima, wakakubaliana kwamba huyu hadanganyiki kwa sumu ya haraka.

Huko kwao kuna ndege mwingine, koeli, ambaye huvizia kiota cha kunguru na kutaga humo mayai yake, na kunguru wa watu akalea watoto wasio wake. Aliyemleta kunguru Zanzibar alimwacha koeli nyuma. Kwa lugha ya ofisini, aliajiriwa mfanyakazi, msimamizi akasahaulika bandarini. Nimefanya kazi mahali kama hapo. Najua mambo huishia wapi.

Mwezi uliopita niliamua kumfuata, nijue anakokwenda akitoka kwangu. Haikuwa safari ndefu. Alipita juu ya mapaa matano, akashuka mwisho wa mtaa, nyuma ya genge, pale kwenye rundo ambalo kila nyumba hulijua na hakuna nyumba inayolikiri. Palikuwa na vichwa vya dagaa, maganda ya ndizi, wali wa shughuli ya Jumamosi, utumbo wa kuku, nepi, na mfuko mweupe ambao nilikuwa nimeuacha mimi usiku wa kuamkia siku hiyo, nikiwa na haraka na giza likiwa la kutosha. Juu yake walisimama zaidi ya mia. Hawakuwa wanaiba chochote. Walikuwa kazini.

Hapo ndipo nilipoelewa nafasi ya jiko langu. Kibua, papai, kichwa cha changu cha mama mkwe: hivyo ni vitafunwa vya kusindikiza chai. Mlo wake tunamwandalia sote, tunaubeba wenyewe usiku kwenye mifuko, tunamtandikia barabarani. Wakubwa wa miaka ya 1890 walimwambia ale taka za mji hadi ziishe. Amekula zaidi ya miaka mia moja, ameleta wanawe, wajukuu na vitukuu kumsaidia, na taka hazijaisha. Anayevunja mkataba si yeye.

Wiki hii nilinunua pipa lenye mfuniko unaobana. Jana asubuhi alitua juu yake, akaligonga mara mbili, akainamisha kichwa kusikiliza ndani, akanitazama kwa masikitiko ya mtu aliyekuta duka alilolizoea limefungwa. Kisha akaruka ukuta.

Jirani, pipa lako liko wazi.