Lodwar na Kakuma kwa Shilingi Chache: Mwongozo wa Msafiri Asiyemlipa Mtu

Anza kwa kununua daftari. Wengine huanza na tiketi, lakini wewe ni msafiri wa shilingi chache, na safari yako haina maana usipopata mahali pa kuandika jinsi ulivyoponea chupuchupu kulipa. Chora safu mbili: "Nilichotumia" na "Nilichookoa". Ya pili iwe pana zaidi. Kwenye jalada andika kwa herufi kubwa: PEKE YANGU. Yatakufaa siku ya kusimulia, maana hakuna anayemsifu mtu aliyepelekwa.

Msimu usikusumbue. Lodwar ina misimu miwili, joto na joto lenye mafuriko. Mchana nyuzi hupita 35 karibu mwaka mzima, na mvua ikipiga huko juu, ule mchanga wa mkondo mkavu wa Kawalase uliodhani asubuhi ni uwanja wa mpira unaweza kuwa mto kabla hujamaliza chai. Beba kofia, shuka jepesi na maji mengi. Ile suruali ya mabaka ya kijeshi uliyonunua mtumbani iache nyumbani. Turkana iko mpakani, na wapo watakaotaka kujua uliitoa wapi.

Ndege zipo, lakini hizo ni za waheshimiwa na watumishi wa mashirika. Wewe fika Kitale, ulizia steji ya Lodwar. Manila wana jeepney, magari yaliyozaliwa kutokana na jeep zilizoachwa na jeshi la Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na wasafiri wa huko hujisifu kwa kubanana ndani yake. Waje Kitale wapande Probox. Kondakta atakwambia inaondoka "sasa hivi". Maana yake ni kwamba inaondoka ikijaa, na kujaa ni jambo la imani: wewe unaona imejaa, yeye anaona nafasi ya mama mmoja, mtoto na gunia la sukuma wiki.

Mbele yako kuna kama kilomita 300. Utapita Kapenguria, ushuke Marich, uvuke Kainuk, kisha Lokichar. Karibu na Kainuk utagundua kwamba dereva ameacha hadithi na redio imepunguzwa sauti. Usiulize. Eneo hilo lina historia ndefu ya wizi wa mifugo na magari kumiminiwa risasi. Basi hapa nakusihi kwa mara ya kwanza uvunje kanuni ya ubahili: usisafiri usiku eti uokoe pesa ya chumba. Lokichar utapajua kwa habari zake, kwani ndiko mafuta yalikotangazwa Machi 2012. Bidhaa utakayoiona kando ya barabara ni magunia ya makaa.

Abiria wa kando yako akikuuliza, "Huko Kenya mvua imenyesha?" usitoe kitambulisho kumthibitishia kwamba hata hapa ni Kenya. Anajua. Swali lake lina miaka mingi kuliko barabara yenyewe. Jibu tu kwamba imenyesha.

Lodwar utapata vyumba vya aina mbili, vyenye feni na visivyo na feni. Chukua cha feni. Usiku wa manane umeme ukipotea, utatoka na shuka lako uani na kuwakuta wageni wenzako wameshajinyoosha huko. Andika daftarini: "Nimelala chini ya nyota." Nyota hazikutozwa.

Asubuhi nenda ukaione nyumba aliyokaa Jomo Kenyatta. Huyu ndiye mlezi wa wasafiri wote wa shilingi chache, maana alifika Turkana bila kulipa hata senti. Alihukumiwa Kapenguria Aprili 1953, kazi ngumu miaka saba. Serikali ya kikoloni ikamgharamia usafiri, malazi na walinzi hadi Lokitaung, kaskazini zaidi, pamoja na akina Kaggia, Kubai, Ngei na Karumba. Mwaka 1959 akahamishiwa Lodwar, na hapo akakaa hadi 1961, alipopelekwa Maralal. Wakoloni walimleta huku kwa hesabu rahisi: jua kali, mbali na kila kitu, na mtu wa nje hakuruhusiwa kuingia bila kibali. Hesabu ikawakataa. Machi 1961 wanasiasa wa vyama vya KANU na KADU, mahasimu kweli kweli, walifunga safari kuja kumwona mfungwa jangwani. Simama pale kivulini ufikirie kwamba mji unaoulalamikia kwa kukosa feni usiku mmoja ulimtunza mtu miaka miwili.

Kisha panda kilima chenye sanamu ya Yesu aliyenyoosha mikono, kama ile ya Rio de Janeiro. Panda kabla jua halijapata nguvu. Kutoka juu utaona mabati, minazi jangwa, yaani mikoma, na mto Turkwel ukipita na kijani chake. Picha ni bure. Rio tutairudia.

Sasa ununuzi. Wanawake wa Kiturkana husuka vikapu kwa majani ya mikoma, na wanaume huchonga ekicholong, kigoda kidogo ambacho mwanamume hukikalia mchana na kukiegemeza kichwa usiku asiharibu nywele. Huwezi kurudi nyumbani bila kimoja. Namna ya kununua: shangaa bei, cheka, ondoka hatua tano, rudi. Mimi nilimshusha mzee mmoja bei mpaka akanyamaza, akakifunga kigoda kwa kipande cha gazeti na kunipa bila kuniangalia. Daftari langu linasema: "Nimeokoa 200." Baadaye nilifundishwa neno emoit. Kwa Kiturkana ni mgeni, na pia ni adui. Neno ni hilo hilo moja, msikilizaji hupambanua kwa mwenendo wako. Jifunze na ejok, ambalo ni salamu na pia ni "salama". Nalo halina gharama.

Siku ya pili nenda ziwani. Kwenye barabara ya Kalokol utakuta mawe yaliyosimama wima, Namoratunga. Husimuliwa kwamba walikuwa watu wanaocheza ngoma, wakageuzwa mawe. Wanaochimba mambo ya kale wanasema ni eneo la maziko la wafugaji wa karibu miaka 5,000 iliyopita. Desturi ni kuweka kijiwe juu ya jiwe. Weka, usichukue, najua mkono wako. Ukitaka maji ya kuogea, Eliye Springs iko kilomita sitini na kitu kutoka Lodwar: chemchemi, mikoma, na ufuo wa ziwa kubwa kuliko yote ya jangwani duniani. Ukiulizia mamba, waulize wavuvi, si kijana anayekukodishia mtumbwi.

Pale ufuoni utapatwa na hisia kwamba umevumbua kitu. Kuwa mwangalifu. Ilimpata Teleki, yule bwana wa Kihungari, alipolifikia ziwa mwaka 1888. Akaliita Rudolf, jina la mwana wa mfalme wao, nalo likadumu mpaka 1975. Vitabu vinamtaja yeye na mwenzake von Höhnel. Havitaji sana mamia ya wapagazi waliotoka nao pwani, Waswahili wenzetu, waliobeba hema, risasi, shanga na maji. Na wengine hawakurudi. Hiyo ndiyo fasili ya zamani ya kusafiri peke yako, na sijaona kwamba imebadilika: ya leo ina mwenye pikipiki anayekusubiri juani bila malipo ya kusubiri, na mtoto aliyekutekea jerikani la maji.

Kakuma ni kama kilomita 120 kutoka Lodwar, na gari ni Probox ile ile. Mji wenyewe uko wazi kwa yeyote. Kambi ndiyo si mbuga: huingii kwa kulipa getini ukaonyeshwa wanyama watano wakubwa. Unahitaji kibali cha Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, na kamera uiache mfukoni mpaka uruhusiwe. Kibali kikichelewa, usimpigie afisa kelele kwamba una siku nne tu. Mezani pake pana foleni ya watu wanaosubiri kibali cha aina nyingine, cha kutoka.

Kambi ilianza mwaka 1992. Ukitaka kujua nani hasa amewahi kusafiri kwa nauli sifuri, ni wale watoto wa Sudan waliotembea hadi Ethiopia, vita vikawafukuza huko, wakatembea tena hadi hapa. Usilinganishe nao madaftari. Leo, ukijumlisha na makazi ya Kalobeyei yaliyofunguliwa 2016, ni karibu watu 300,000: Wasudan Kusini, Wasomali, Wakongo, Warundi, Waethiopia na wengineo. Kwa mwendo mmoja wa bodaboda utapita nchi nyingi kuliko alizopita mjomba wako wa ubalozini. Kula anjera kwa Waethiopia, nunua simu kwa Msomali, kitenge kwa Mkongomani.

Na hapo kwa Mkongomani ndipo ustadi wako utakapopimwa. Utataja bei ya kijinga. Atakujibu kwa Kiswahili chake kitamu: "Papa, ongezako kidogo." Kabla hujaondoka hatua zako tano, jua jambo moja kuhusu soko hili. Tangu 2015 sehemu ya chakula cha msaada ilitolewa kama pesa kwenye simu, mpango ulioitwa Bamba Chakula, na maduka mengi yalikua kwa pesa hiyo. Mwaka 2025 wafadhili, Marekani wakiwa mbele, walibana mifuko, na mgao ukakatwa vibaya. Wafadhili nao wana daftari lenye safu ya kuokoa. Ongezako.

Niliahidi Rio. Mwaka 2016, Michezo ya Olimpiki ilipofanyika huko, timu ya kwanza ya wakimbizi ilikuwa na wanamichezo kumi. Watano walitoka Kakuma, wakimbiaji waliofunzwa na Tegla Loroupe, na Rose Nathike Lokonyen ndiye aliyebeba bendera. Ukiambiwa hapa kwamba mtu fulani amefika mbali, usifikirie Nairobi. Nairobi ndiko kugumu.

Hilo nililipata kwa mama wa Kiethiopia, katika sehemu ya kambi iitwayo Kakuma One, aliyenikaribisha kahawa. Alikaanga buni mbele yangu, akatwanga, akamimina raundi tatu kama kwao: abol, tona, na ya tatu, ambayo huhitaji mkalimani, baraka. Aliniuliza Nairobi kukoje. Amekaa Kenya tangu utotoni, hajawahi kuiona. Kibali cha kusafiri aliomba mara moja akanyimwa, akaacha. Nikamweleza kuhusu foleni za magari. Akacheka. Nilipotoa pesa alinirudishia mkono: mgeni halipi. Sikubishana. Usiku ule, uani, chini ya zile nyota za bure, niliandika: "Kahawa, vikombe vitatu: 0. Nimeokoa." Nikapiga mstari chini yake kwa furaha.

Sijarudi tangu siku ile. Wewe ukienda, ukishapata kibali chako, ulizia kwa Waethiopia mama wa kahawa wa raundi tatu. Atakataa pesa, iache chini ya kisahani uondoke. Lipia vikombe vyako vitatu, na vyangu vitatu.