Bilauri Inapofariki

Wazazi wengi wa mjini wameshika dini moja: mtoto akisomewa hadithi ya simba, kabla ya kulala sharti atengeneze simba. Boksi la sabuni linakatwa, uji wa ngano unakorogwa uwe gundi, nyuzi za gunia zinageuka manyoya. Baada ya saa nzima anapatikana mnyama anayeweza kuwa simba, anayeweza pia kuwa kiazi chenye ndevu. Sisimizi wamekwisha kuarifiana habari za gundi, na mtoto ukimwuliza simba alimfanya nini sungura, anajibu kwamba mkia umebanduka. Sina ugomvi na simba huyo wala na ndevu zake. Ugomvi wangu ni na jalada. Miradi hii huchotwa kwenye picha ya jalada, ilhali hadithi ina fundo lake mahali pengine kabisa, na huko ndiko mikono ya mtoto ingepelekwa, hata kama kazi itaharibika. Hasa ikiharibika.

Watafiti wa Marekani Cynthia Chiong na Judy DeLoache waliwahi kulinganisha vitabu vya kawaida vya alfabeti na vile vyenye vipande vya kuvuta na kufunua. Watoto wadogo walishika herufi nyingi zaidi kwenye vile vya kawaida. Si ajabu: aliyepewa kipande cha kuvuta atavuta, na herufi A itasubiri. Kwa upande mwingine, Grover Whitehurst na wenzake walichapisha mwaka 1988 matokeo ya mwezi mmoja tu wa wazazi kusoma huku wakiuliza maswali yanayomlazimu mtoto aeleze, siyo ya ndiyo na hapana. Watoto hao waliwapita katika kuzungumza wenzao waliosomewa kama kawaida. Nikiyaweka pamoja haya mawili, naona kitabu kisomwe mpaka mwisho mikono ikiwa mitupu, kisha mradi uje kama swali.

Chukua kisa cha Abunuwasi na sufuria. Anaiazima kwa jirani, anairudisha na kisufuria ndani, eti imezaa. Jirani anapokea bila kuhoji. Anaiazima tena, na safari hii anarudi na taarifa ya msiba: sufuria imefariki. Mtu wa jalada atamfinyangisha mtoto sufuria ya udongo, ikaushwe juani haraka haraka na kupasuka. Mradi wa fundo unahitaji daftari la kuazima tu. Mtoto anachukua kitu jikoni, anakiandika au kukichora, kisha anakirudisha pamoja na “mwanawe” aliyemtengeneza mwenyewe: kijiko na kijiko cha kifuu, kifuniko na kifuniko cha boksi. Nyumba nzima inacheka, mpaka siku bilauri ya wageni inapofariki. Hapo mzazi anagundua kwamba ushahidi wote uko dhidi yake. Alikipokea kijiko cha kifuu kwa shangwe, akapongeza uzazi, pengine akauliza hata jina. Kwa sheria ipi atakataa msiba? Akigomba, amekuwa jirani wa Abunuwasi, na mtoto anaijua hukumu ya kesi hiyo: aliyekubali uzazi akubali na msiba. Akinyamaza, kesho litafariki birika. Imebaki kukaa na kujadiliana kwa nini uongo ulikuwa mtamu ulipoleta faida, na mjadala huo simba wa boksi hawezi kuuleta hata akichongwa na seremala.

Kisa cha kima na papa, ambacho Edward Steere alikichapisha mwaka 1870 miongoni mwa hadithi za Unguja, kina fundo la namna hiyo. Kima yuko baharini juu ya papa, anaambiwa moyo wake unatakiwa uwe dawa ya sultani, naye anajibu kwamba ameuacha mtini. Leta karai la maji, chupa ya plastiki iwe papa, na kima wa kitambaa mwenye moyo wa kuchomoa. Chupa itabiringika na kima atazama kabla hajapata nafasi ya kudanganya. Mtoto, kwa hasira, ataanza kupima kokoto za kutia tumboni mwa papa. Sakafu imelowa, ndiyo, lakini amekwisha kuona jambo ambalo msomaji wa haraka hulipita: pale hapakuwa na pa kukimbilia, na akili ndiyo chombo pekee kilichobaki.

Watasema bibi zetu walisimulia tu, bila makarai. Walisimulia, lakini msikilizaji hakukaa kama mtungi: aliitikia, aliimba kiitikio, alimkatiza msimulizi. Hata hivyo nakubali kwamba vitabu vingi havitaki mradi wowote. Hadithi ya majonzi isomwe, taa izimwe. Hoja nzito zaidi ni ya muda, maana anayefika nyumbani saa mbili usiku baada ya foleni hana nguvu za kujaza karai. Basi na uwe mradi mmoja kwa kitabu kimoja, kisomwe mwezi mzima. Watoto hupenda kurudiwa hadithi ile ile, na nyumba nyingi zina hicho kimoja tu. Gharama siizungumzii, kwani boksi, kifuu na chupa vimekwisha kulipiwa. Kuhusu sakafu, aliyesoma ndiye atakayeikausha. Kama hana dekio aliazime kwa jirani, ila ahakikishe linarudi likiwa peke yake.