Aibu Naona Mimi

Nimesimama kukisifu kitu ambacho hakijawahi kupewa cheti wala kukatiwa utepe na mgeni rasmi: kichekesho kinachotia aibu. Nakisemea kile ambamo mtu kwenye runinga anajivunjia heshima mwenyewe, halafu wewe uliyekaa zako Kahama, juu ya kochi ambalo deni lake halijaisha, ndiye unayeziba uso. Yeye hana habari kwamba ameharibu. Anatabasamu, anarekebisha tai, anaendelea kumwaga Kiingereza cha kubahatisha mbele ya wakwe zake. Ndipo mtu mmoja sebuleni anaguna kwa niaba ya wote: "Aibu naona mimi!"

Wabaya wake ni wengi. Kila kichekesho kipya kikianza kurushwa, wapo wanaoapa kwamba vichekesho viliisha zamani. Wapo waliokua na Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania ambao hawakuona cha kucheka walipokuja Ze Comedy wa EATV, na wapo waliolelewa na Ze Comedy hao hao, wakawafuata hadi TBC walikojiita Orijino Komedi, ambao leo wanatikisa vichwa mbele ya vijana wa klipu za dakika moja. Joti wa Orijino Komedi akivaa ubibi, nusu ya nyumba ilikuwa chini kwa kucheka na nusu nyingine inauliza mtu mzima huyu hana wazazi. Mwenzake Masanja Mkandamizaji siku hizi anahubiri injili, na bado wapo wanaomsubiri madhabahuni aseme kitu cha kuchekesha. Mzee Majuto peke yake, aliyetutoka Agosti 2018, ndiye aliyesamehewa na karibu kila mtu.

Tazama kwanza kazi ambayo kichekesho hiki huifanya nyumbani. Usukumani mkwe si mtu wa kukaa naye mkapiga soga za hovyo. Sasa baba mkwe amekuja, amepewa kiti kizuri, na kwenye kioo anatokea mwanamume mwenye ndevu, gauni na kilemba, anagaragara chini akidai mahari yake iongezwe ng'ombe wawili. Baba mkwe anakohoa. Mwenye nyumba, ambaye tangu juzi hajui rimoti iliko, anaipata papo hapo. Watoto wanagundua ghafla kwamba wana kazi ya shule. Nani mwingine, mbali na mgambo wa kodi, anayeweza kuipanga nyumba haraka namna hiyo? Na mama mkwe, ambaye wote walidhani amesinzia, anasema taratibu: "Iacheni."

Kitu duni hakiwezi kuwa na nguvu hizo. Wala kitu duni hakimfikishi mtu polisi. Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan alishikiliwa baada ya kujirekodi akiicheka picha ya zamani ya Rais Magufuli, mwana wa Chato, mkoani Geita kwetu. Kama kicheko kingekuwa jambo la kipuuzi, askari wangekuwa na shughuli nyingine siku hiyo.

Halafu kuna lile linalotugusa sisi wenyewe. Mchekeshaji wa Dar es Salaam akiishiwa mawazo humvika mtu shuka, humpa fimbo na baiskeli, humtia neno "ng'wanawane" mdomoni, kisha humpeleka Kariakoo akashangae ghorofa. Huyo ndiye Msukuma wa runinga. Shinyanga mjini watu wakimwona hugawanyika hapo hapo. Mwalimu anasema tunadhalilishwa, sisi kabila kubwa kuliko yote nchini. Dereva wa bodaboda anacheka mpaka anashika ukuta, lakini akipumua anakuwa mkali kuliko mwalimu: "Lafudhi hajaipata! Huyu ni Mzaramo anajitia." Kesi inafia hapo, maana Wazaramo ni watani wetu tangu enzi za misafara ya wapagazi, na mtani hashitakiwi. Anachodaiwa ni ufundi. Atukane, ila atukane kwa lafudhi sahihi.

Wala kugawanyika huko hakukuletwa na ving'amuzi. Wasukuma tulikuwa na Bagika na Bagalu kabla ya runinga kujulikana, vyama viwili vya ngoma ambavyo masimulizi yanavirudisha kwa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno makundi mawili hukutana uwanja mmoja na kucheza wakati mmoja, kila moja na manju wake, kila moja likimkejeli mwenzake kwa nyimbo. Wengine huleta chatu, wengine dawa za kuvuta watu, wengine huleta upuuzi mtupu. Mshindi huamuliwa na watazamaji kwa miguu yao: ukichoka huku unakimbilia kule, na mwenye watu wengi ndiye ameshinda. Bujora, kule Kisesa alikojenga Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, ngoma hizo bado huonekana katika sikukuu ya Bulabo. Kwa hiyo jirani anaponiambia kwamba kipindi kipya kimewagawa watu, kwa hiyo ni kibovu, huwa najiuliza alizaliwa wapi.

Hapa lakini sifa zangu zinasita kidogo. Kuna bibi mchawi wa vichekesho, mwenye macho mekundu na ungo, ambaye Dar es Salaam anachekesha bila gharama. Shinyanga na Geita tumezika vikongwe waliouawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe jikoni. Akitokea huyo, wanaoinuka na kuondoka siwezi kuwaita wasiojua kucheka.

Turudi kwenye sifa, na tuingie makao makuu yenyewe: kibanda umiza. Pita Katoro, Rwamgasa, Nyarugusu au Kakola utavikuta, mabati juu, mabenchi ya mbao ndani, jenereta inayonguruma nyuma, na mlangoni ubao wa ratiba ulioandikwa kwa chaki. Watu wamelipia mpira. Kabla mpira haujaanza, mwenye banda huweka chochote kilichomo kwenye flashi, na mara nyingi kilichomo ni kichekesho.

Lazima ujue waliokaa kwenye yale mabenchi wanaishije. Kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, hakuna mshahara wa mwisho wa mwezi. Yupo mwenye leseni, yupo mwenye duara, yupo anayegharamia unga na mafuta, na wapo vijana wanaoshuka na kamba. Wote wanasubiri mgawo wa viroba vya mawe siku duara likitoa. Lisipotoa, watu wanakula kwa mkopo: chakula, sigara, vocha, kodi ya chumba. Mdomo ndio mtaji. "Tumeona dalili." "Mwamba uko hapo hapo." "Wiki ijayo tunapeleka karasha." "Zimebaki mita tatu." Haya si uongo hasa, kwa sababu mara nyingine ni kweli, na ile mara moja ndiyo inayowalisha wengine wote.

Sasa kwenye kioo anaingia jamaa wa suti ya kuazima. Anaingia baa, anaagizia kila mtu, anatoa simu na kuongea kwa sauti na wakala wake wa Dubai kuhusu kilo ngapi zitasafirishwa. Anaongea, anacheka, anaamrisha. Katikati ya mazungumzo ile simu inaita sikioni mwake.

Kibanda kizima kinanyamaza. Kisha vijana wa mbele wanalipuka. Mama ntilie aliyesimama mlangoni, ambaye daftari lake la madeni lina majina ya nusu ya waliomo, anacheka kuliko wote na anacheka akiwatazama mmoja mmoja. Mchungaji anaangalia dari. Mwenye duara mmoja anainuka, anajikung'uta suruali, anatangaza kwamba anakwenda kuangalia jenereta. Jenereta si yake.

Wachimbaji wanajua zebaki inavyofanya ndani ya karai: inazunguka kwenye tope lote, tope haina habari nalo, inakamata dhahabu tu. Kichekesho hiki hukamata majigambo kwa namna hiyo hiyo. Nani angemwambia mwenye duara yale usoni pake? Mwanakijiji akimwambia, kesho hana kazi. Mtendaji wa kata akimwambia, wanaitana kwenye kikao. Jamaa wa suti amemwambia bila kumtaja, kwa kiingilio cha mpira, na hakuna wa kumkamata.

Wazungu nao walihangaika na jambo hili. BBC ilipoanza kurusha The Office mwaka 2001, habari za meneja wa kampuni ya karatasi anayejiona mcheshi kuliko wafanyakazi wake, watazamaji wa kwanza hawakuwa wengi, na baadhi yao hawakujua wacheke au wazime. Miaka minne baadaye Marekani ilitengeneza ya kwake. Meneja yule ukimpa duara Nyarugusu, siku ya pili atakuwa amezoea kila kitu isipokuwa joto.

Anayesema kichekesho hicho hakina faida nitamwomba asubiri asubuhi, kwenye banda la chai. Yule aliyekwenda kuangalia jenereta anafika, anaagiza chapati mbili, anasogea karibu na kijana aliyekaa mbele jana, anashusha sauti.

"Kwani yule wa suti, mwisho alilipa?"

"Bado, bosi. Anasema zimebaki mita tatu."