Arobaini za WinRAR

Kompyuta nyingi kati ya Kileo na Same zimepita mikononi mwa fundi, na flashi ya fundi ni ileile. Akishakupigia Windows anakumwagia humo kila kitu: kisoma PDF, VLC, WinRAR ya kufungulia mafaili yaliyobanwa, pengine hata Flash Player, ambayo wenyewe Adobe waliiacha mwisho wa 2020. Katika hizo WinRAR ndiyo yenye vituko. Majaribio yake ni siku 40, na za mwizi ni arobaini, lakini hii ikifikisha arobaini zake inakuomba ulipe, unafunga kidirisha, kazi inaendelea. Inadai deni kwa bidii kuliko mangi wa duka, ila kuhusu usalama wako haisemi neno, kwa kuwa haijisasishi yenyewe. Mwaka 2019 watafiti wa Check Point walifichua kwamba humo mlikuwa na tundu la miaka 19. Lilikuwa kwenye UNACEV2.DLL, kijifaili cha kufungulia mafaili ya ACE ambayo huenda hujawahi kuyaona. Kilikuwa cha kuazima, hakijaguswa tangu 2005, na wenye WinRAR hawakuwa hata na msimbo wake, ikabidi wakitupe. Faili lililotegwa liliweza kupenyeza programu kwenye folda ya Startup, ukiwasha kompyuta nayo inaamka. Toleo la 5.70 liliondoa tatizo, kwa aliyekwenda kulitafuta.

Utaambiwa, nani aje kudukua Kileo? Hakuna anayehitaji kuja. Kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilisambaa chenyewe hadi nchi zipatazo 150 bila kuuliza anwani, miezi miwili baada ya Microsoft kutoa kiraka cha kukizuia. Na kompyuta ya steshenari si ya kudharau: kwenye desktop yake mmelala vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa na fomu za mkopo za HESLB za kata nzima, na kila anayekuja kuprinti anachomeka flashi yake. Mwingine atalia na bando. Kwa Windows yenyewe nitamwelewa, maana masasisho yake yanameza bando la wiki, na Windows 11 inazikataa laptop nyingi za zamani. WinRAR mpya lakini ni megabaiti chache tu, na hizo video za status tunazipakua bila kulia. Fundi naye tusimwonee. Analipwa kwa kupiga Windows. Bado hajatokea mteja wa kumlipa aje kusasisha.