Injinia, Shikilia Mlango

Mimi ni mhandisi wa umeme. Nilikaa chuo kikuu miaka mitano nikijifunza jinsi stima inavyosafiri kutoka bwawani hadi kwenye balbu bila kuua mtu njiani. Mjini kazi hiyo ina heshima yake. Nyumbani kwetu, upande wa Nyamira ukishaipita Keroka, ina maana moja tu: chochote kilichoharibika kijijini kinanisubiri Jumamosi.

Nikiamka hukuta wagonjwa wamepangwa barazani. Redio inayonguruma kama mzinga wa nyuki. Rimoti iliyotumbukia kwenye uji. Taa ya sola iliyotafunwa na ndama. Mwezi uliopita mama mmoja aliniletea koti lenye zipu iliyokwama. Nikamwambia kwa upole kwamba mimi ni wa umeme. Akanitazama kwa huruma, kama anayemwonea haya aliyenilipia karo.

"Zipu si ina meno ya chuma?" akauliza. "Na umeme si hupita kwenye chuma?"

Sikuwa na jibu. Niliipaka nta ya mshumaa, ikateleza, nikalipwa mkungu wa ndizi. Ofisini sijawahi kulipwa mkungu wa ndizi.

Kwa hiyo watu wakiniuliza maoni yangu kuhusu teknolojia na maisha ya kisasa, huwaambia nilianza kazi nikiwa nayo mengi, sasa nimebaki na moja. Ni hili: kila mtambo uliundwa na mtu aliyekuwa akimfikiria mtu mmoja. Simu moja, mwenyewe mmoja. Siri moja, kichwa kimoja. Kiti kimoja, makalio mawili. Huyo mtu mmoja nimemtafuta Gusii nzima, kuanzia Suneka hadi Nyansiongo, sijamwona.

Tuanze na simu. Kwa msiojua, kwa Ekegusii mama anaitwa baba, na baba anaitwa tata. Msitulaumu, tumezaliwa tukayakuta. Tena kwa kuwa nimepewa jina la babake mama, yeye mwenyewe huniita tata. Basi nyumbani kwetu mama yangu alikuwa baba, mimi nilikuwa tata, na mzee wangu marehemu, ambaye ndiye aliyekuwa tata halisi, alikaa pembeni akinywa chai yake.

Kwenye simu yangu, basi, mama ameandikwa BABA. Siku moja niliiacha ofisini mjini Kisii ikila chaji kwenye meza ya mwenzangu, mtu wa Lamu, mwenye adabu za Pwani zisizo na breki. Ikaita. Akaona BABA, akaona si vizuri mzee wa watu aungoje mlio wa simu hadi ukatike. Akapokea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," mama akajibu kwa sauti ya furaha.

Mwenzangu akashtuka kidogo. "Shikamoo, mama. Naomba unipe baba."

"Ndiye mimi."

"La, samahani, namaanisha baba mwenyewe."

"Ni mimi mwenyewe. Kwani wewe ulikuwa unataka baba gani?"

Niliporudi kutoka kula nilimkuta amekaa kwa majonzi. "Pole sana, bwana," akaniambia. "Mzee amepiga. Sauti imemkauka kabisa, imekuwa nyembamba. Mchemshieni tangawizi na asali, msiache ikae." Kesho yake akaniletea tangawizi nusu kilo. Nikaipeleka nyumbani, na mama akasema yule kijana ndiye mtu wa kwanza mjini aliyewahi kumwita kwa cheo chake.

Simu haikukosea. Ilionyesha neno nililoliandika mimi. Ila iliamini kwamba atakayelisoma ni mimi peke yangu.

Ya pili ni siri. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, Wakenya wote, wenye viatu na wasio na viatu, tulipewa kitu ambacho wengi wetu hatukuwahi kuwa nacho: namba ya siri. Nilimwekea mama yangu ya kwake, nikamkalisha chini, nikamhubiria. Usimtajie mtu. Hata mimi mwanao, usinitajie. Akaitikia kwa kichwa kama yuko kanisani. Niliporudi mwezi uliofuata niliikuta imeandikwa kwa mkaa ukutani jikoni, tarakimu zote nne, kubwa kama namba ya gari.

"Baba, hii si ni siri?"

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo maana nimeiandika ndani."

Nikatoa mhadhara wa pili, mkali kuliko wa kwanza. Wiki hiyohiyo nikapata ujumbe kwamba nimepokea shilingi 3,000, na kabla sijamaliza kuusoma akanipigia bwana mmoja akilia: ametuma kimakosa, ni karo ya mtoto, mtoto yuko nje ya geti. Nilikuwa mkutanoni, peke yangu na simu yangu na namba yangu ya siri isiyojulikana na kiumbe mwingine. Nikamrudishia haraka ili nirudi kwenye hoja. Jioni nikagundua kwamba ule ujumbe ulitoka kwenye namba ya mtu wa kawaida, na kwamba sikuwa nimepokea hata senti. Nilikuwa nimemsomesha mtoto asiyekuwepo.

Siku mbili baadaye ujumbe wa aina hiyo ukamfikia mama. Yeye hana macho ya kusoma maandishi madogo, kwa hiyo akamwita binti wa jirani ausome. Binti akausoma kwa sauti mbele ya wanawake watatu waliokuwa wakipukuchua mahindi. Mmoja akauliza umetoka kwa nani. Mwingine akasema tuangalie salio kwanza. Yule bwana alipopiga akilia, wakamweka kwenye spika, wakampa pole, halafu wakaanza: Wewe ni mtoto wa nani? Wa ukoo gani? Huyo mtoto anasoma shule ipi, na mwalimu mkuu wake ni nani? Akakata simu mwenyewe. Matapeli hujiandaa kwa kila kitu isipokuwa kuulizwa ukoo.

Simshauri mtu aandike namba ya siri ukutani. Nasema tu kwamba ule ukuta haujaibiwa, na mimi nimeibiwa.

Nikaamua basi nirudi kwenye fani yangu, mahali ambapo hakuna wa kunicheka: radi. Kwetu siku huanza na jua na kuishia na ngurumo. Upepo unaopanda kutoka Ziwa Victoria hukutana na ule wa mashariki juu ya vilima vyetu, na ikifika saa tisa alasiri mbingu zinagombana. Benjamin Franklin wa Marekani alikwisha kuonyesha dawa yake tangu miaka ya 1750: weka chuma juu ya paa, kishushe kwa waya mnene hadi ardhini, radi ipite huko na kuiacha nyumba. Nikamwekea mama kinga ya radi ya shaba safi. Nilizamisha nondo yake ardhini kwa mikono yangu, nikatokwa na jasho la kitaalamu.

Niliporudi nilikuta kwenye waya nguo zimeanikwa, na kwenye nondo amefungwa mbuzi dume.

"Chuma hiki ni imara," mama akanisifu. "Huyu mbuzi ameng'oa vigingi vitatu. Hiki amekishindwa."

Nilieleza. Nilichora hadi chini kwenye vumbi: wingu, mshale, mbuzi. Mbuzi akahamishwa siku hiyohiyo, kwa kuwa ni mali. Nguo zilibaki hadi nilipomnunulia kamba. Nyumbani kwetu kitu cha kazi moja kinaonekana kama mtu mzima anayelala mchana.

Lakini aliyenifundisha kazi yangu vizuri kuliko wote ni tumbili. Tarehe 7 Juni 2016 stima ilipotea Kenya nzima. Nilikuwa nyumbani kwa likizo, na kabla sijamaliza chai wazee wanne walikuwa barazani kuuliza mhandisi wao ameifanya nini. Sikujua. Baadaye habari zikatoka: tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kule Mto Tana, akaangukia transfoma, ikajikata. Mitambo mingine ikatwishwa mzigo usioweza kubebeka, ikajizima yenyewe, zikapotea megawati zaidi ya 180. Tumbili mwenyewe alipona, akachukuliwa na watu wa wanyamapori. Nchi ndiyo iliyolala.

Nikawaeleza wazee hivyohivyo. Walinyamaza. Kisha wakaangaliana, kama watu wanaokumbuka harambee waliyochanga.

"Karo yote ile," mmoja akasema, "na anatuambia ni tumbili."

Ndiyo siku pekee niliyowaambia ukweli mtupu, na ndiyo siku pekee hawakuniamini. Ila mzee mmoja, ambaye shule yake iliishia darasa la tatu, alibaki ameshika fimbo akifikiri.

"Alikuwa mmoja?"

"Mmoja, mzee."

"Tunaambiwa kidole kimoja hakivunji chawa," akasema. "Sasa tumbili mmoja amevunja Kenya. Je, wangekuja wawili?"

Hilo ni swali la mtihani. Wahandisi wa gridi duniani kote huwekewa sharti moja: kipande kimoja kikianguka, chochote kile, vilivyobaki vibebe. Mzee alilifikia na kulipita bila kalamu. Nikamwambia ameuliza vizuri sana. Akanijibu kwamba anajua, na kwamba bado anangoja jibu.

Nafika sasa kwenye Probox. Toyota ilipolitoa gari hili mwaka 2002 ilikusudia kigari cha kazi: watu watano, au watu wawili na mzigo wa kilo 400 hivi. Lilipofika Kisii tulilisoma upya. Ijumaa iliyopita nilipanda moja pale Keroka, mji ambao mpaka wa Kisii na Nyamira unapita katikati yake, nikielekea nyumbani. Mbele walikuwa wanne, mmoja akiwa amekaa kiti kimoja na dereva, upande wa mlango. Nyuma tulikuwa watano. Kwenye buti watatu. Nikashindwa kujizuia.

"Dereva," nikasema, "watu 12, kila mmoja kilo 70, ni kilo 840. Gari hili halikuundwa kwa mzigo huo."

Akanitazama kwenye kioo kwa heshima zote. "Injinia, umesahau kuku."

Kweli, walikuwepo. Sita, chini ya miguu yangu.

Tulipoiacha lami mvua ilikuwa imeshanyesha, na udongo wetu mwekundu ukinyeshewa huwa kama sabuni. Kwenye mlima wa kwanza gari likazama hadi kwenye ekseli. Nilijisikia vizuri, sitadanganya. Nikajiandaa kurudia hesabu yangu taratibu, kwa faida ya wote. Lakini milango ilikuwa imeshafunguka. Watu 11 wakashuka bila kuambiwa, wakapanga mabega yao kwenye chuma, mmoja akahesabu, na gari likatoka topeni mara moja tu.

"Sasa niambie," dereva akasema huku akijipangusa, "ningebeba wanne kama unavyotaka, nani angesukuma?"

Nilifikiria sana. Bila mzigo lisingekwama, hilo nalijua. Lakini pia nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba mzigo uliolikwamisha ndio uliolikwamua, na sheria hiyo haimo kwenye kitabu chochote nilichosoma.

Tuliporudi ndani, kiti changu kilikuwa kimekwenda. Mimi, niliyebaki nyuma kujitoa tope kwenye kiatu, nikapewa nafasi ile ya mwisho, nusu ya kiti cha dereva. Kitasa cha mlango kilikuwa kimeng'oka wakati wa kusukuma.

"Injinia," dereva akasema, "shikilia mlango."

Hatimaye nikapata kazi inayolingana na shahada yangu. Mkono mmoja nikashika mlango, wa pili nikashika paa kupitia dirishani, na tukaendelea. Ndipo simu ikaita kwenye mfuko wa shati langu. Sikuwa na mkono wa tatu.

Mama mmoja aliyeketi nyuma yangu alipitisha mkono begani kwangu, akaichomoa, akasoma kioo. Kilikuwa kimeandikwa BABA, kwa herufi kubwa.

"Mamako anapiga," akasema, na kabla sijajibu alikuwa ameshapokea.

Walisalimiana kirefu. Kufikia kona ya pili walikuwa wamegundua kwamba dada wa mmoja ameolewa karibu na kwa mwingine. Kufikia ya tatu, gari zima lilikuwa limemsalimu mama yangu, buti likiwemo. Nilisikia nikielezwa mahali nilipo, hali ya viatu vyangu, na kazi niliyopewa.

"Anasema uushike vizuri huo mlango," mama yule akaniletea habari. Akasikiliza tena, akacheka. "Anasema kuna makoti mawili mengine yanakungoja barazani. Anauliza kama umekuja na mshumaa."