Kampuni ya Mtu Mmoja

Kampuni changa ya Kamenu, wadi ya mji wa Thika, huanza na jina. Bidhaa hufuata ikijaliwa. Jina huishia kwa "Afrika Mashariki" hata kama soko lote ni kutoka geti la Chuo Kikuu cha Mount Kenya hadi stejini.

Usajili hufanywa kwa simu kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Mnyenyekevu husajili jina la biashara kwa ada ndogo. Mwenye ndoto hulipa zaidi apate kampuni kamili. Sheria ya Kampuni ya 2015 inamruhusu mtu mmoja kuwa mwanahisa na mkurugenzi pekee, kwa hiyo mkutano wa bodi hufanyika kitandani, na hoja zote hupita bila kupingwa.

Kielelezo hakikosekani. Chuo Kikuu cha Mount Kenya chenyewe kilichipuka kutoka chuo kidogo cha kompyuta cha Simon Gicharu, kikatunukiwa hati ya chuo kikuu mwaka 2011. Kila mkurugenzi wa bedsita anaijua hadithi hiyo, hasa mwisho wake.

Biashara yenyewe huwa fotokopi, chipsi au kusuka nywele, na wateja ni wanafunzi. Mkopo wa masomo wa HELB ukiingia, komredi huagiza kuku. Ukichelewa, hukopa smoki na kubadilisha njia. Muhula ukifungwa, soko zima hupanda matatu na mabegi yake. Leseni ya biashara ya Kaunti ya Kiambu haiendi likizo, wala kodi ya chumba. Ripoti ya mwaka nayo hupelekwa kwa Msajili wa Kampuni hata kama kilichouzwa ni kiti cha ofisi.