Awamu ya Pili Naweka Nini?

Ipo fomu fupi inayowashinda wasomi kuliko fomu ya kodi. Hujitokeza kwenye simu mara mtu anapogusa jina la waifai ya chuo, ya hospitali kubwa au ya ofisi yenye idara yake ya TEHAMA. Mgahawani mtu huombwa nenosiri tu, ambalo mara nyingi limebandikwa ukutani juu ya friji ya soda. Hapa anaulizwa mbinu ya EAP, uthibitishaji wa awamu ya pili, cheti cha CA, kikoa, utambulisho, utambulisho usiojulikana, na mwishoni kabisa, nenosiri. Kwa Mtanzania wa makamo awamu ya pili ni ile ya urais wa 1985 hadi 1995, na hakumbuki hata siku moja Mzee Ruksa akimdai cheti cha CA. Basi anafanya wanavyofanya wote, anamgeukia kijana aliye jirani. “Dogo, awamu ya pili naweka nini?” “Weka MSCHAPV2, mzee.” “Na hiki cheti?” “Hicho achana nacho, weka Usithibitishe.” Simu inaingia mtandaoni, shukrani zinatolewa, kila mtu anaendelea na hamsini zake. Visa vya namna hii huchekwa, kisha lawama humwangukia mtumiaji: hasomi, ana haraka, simu yake ni ya kupigia picha tu. Mimi nadai kwamba mtumiaji hana kosa. Fomu inamuuliza mambo asiyoweza kuyajua, halafu inamzawadia anapojibu vibaya, na wenye majibu sahihi wamekaa ofisini wakimsubiri aje kulalamika.

Tuwatendee haki waliobuni utaratibu wenyewe, maana ni mzuri. Kiwango kinachoitwa 802.1X kilitoka mwaka 2001, nacho kinahitaji pande tatu. Kuna programu ndani ya simu inayoomba ruhusa kwa niaba yako, kuna kifaa cha waifai kilichopachikwa darini, na kuna seva ya chuo inayokujua kwa jina. Kifaa cha darini hakina uamuzi wowote, kazi yake ni kupeleka ujumbe na kurudisha majibu. Ndiyo maana mhadhiri wa Nairobi anaweza kutua Kampala, akafungua laptopu yake ukumbini na kuingia mtandaoni bila kumwomba mwenyeji nenosiri. Huo ndio mpango wa eduroam, uliopendekezwa Uholanzi mwaka 2002 na Klaas Wierenga na sasa umeenea katika nchi zaidi ya 100. Huku kwetu husimamiwa na mitandao ya elimu kama KENET ya Kenya na RENU ya Uganda. Swali la mhadhiri yule linasafiri hadi seva ya chuo chake, jibu linarudi, mlango unafunguka. Nenosiri lenyewe mwenyeji halioni, kwa sababu limepita ndani ya njia iliyofungwa kati ya simu na seva ya nyumbani. Yote hayo hufanyika wakati skrini inasema “Inathibitisha...”, na huchukua muda mfupi kuliko kupiga chafya, ikiwa fomu ilijazwa sawasawa.

Sasa tuikague fomu yenyewe, kisanduku kwa kisanduku. Mtumiaji anajua mambo mawili tu, jina lake la kuingilia na nenosiri lake. Mengine yote yana jibu moja kwa chuo kizima, na jibu hilo liko kichwani mwa msimamizi wa seva. Hakuna akili wala shahada inayoweza kukuwezesha kukisia kama seva ya chuo chako inatumia PEAP au TTLS. Utambulisho usiojulikana umewekwa ili jina lako lisionekane njiani, lakini kwa kuwa fomu haisemi hivyo, wapo wanaojaza humo jina lao kamili pamoja na la babu. Kikoa ndicho kinachoiambia simu ni seva ya nani iaminiwe, na karibu kila mtu hukiacha kitupu au hubandika humo barua pepe. Kisanduku chenye hatari kuliko vyote ni kile cha cheti. Cheti ndicho kinachoiwezesha simu kuitambua seva kabla ya kuikabidhi siri. Ukijaza vizuri lakini ukakosea herufi moja ya kikoa, unakataliwa. Ukichagua Usithibitishe, unaingia mara moja. Jibu baya hulipwa papo hapo, na jibu zuri lenye kasoro ndogo huadhibiwa. Mtu mwenye mhadhara saa mbili asubuhi ataamua vipi? Atafunika kombe mwanaharamu apite.

Wala tusidhani kwamba wataalamu wamejijengea lango bora zaidi. Programu inayofanya kazi hii kwenye Linux, na kwenye simu nyingi za Android, inaitwa wpa_supplicant, na Jouni Malinen wa Finland amekuwa akiiandika tangu 2003. Faili lake la mfano la mipangilio lina mamia ya mistari ya maelezo, na limeandikwa kwa uungwana wa kupendeza. Linakuonya wazi kwamba usipotaja cheti cha mamlaka, cheti cha seva hakitakaguliwa, na kwamba kufanya hivyo si salama. Kisha, ukiacha kutaja, linakuruhusu uendelee. Kwa upande mwingine, faili hilohilo halina huruma hata kidogo kwenye alama za kunukuu. Andika jina la mtandao bila alama hizo na programu italisoma kama tarakimu za kompyuta. Weka nafasi kabla ya alama ya sawasawa na mstari mzima unakataliwa. Tumefika mahali ambapo kusahau alama ya kunukuu kunakuzuia, na kuikabidhi siri yako kwa seva isiyojulikana kunakufungulia njia. Nawaheshimu sana waandishi wa programu hii, lakini mpangilio huo wa vipaumbele ungemfaa zaidi mwalimu wa tahajia.

Wapo watakaosema: kwani nini kitaibiwa, na ni mwizi gani atabeba kifaa cha waifai kwenda nacho chuoni? Jibu ni kwamba hana haja ya kwenda chuoni. Simu iliyohifadhi mtandao huutafuta kila mahali, na jina eduroam ni lilelile kuanzia Zanzibar hadi Oslo. Yeyote mwenye laptopu na programu za bure anaweza kukaa stendi ya mabasi, akatangaza jina hilo, na simu zisizokagua cheti zikamkimbilia zenyewe zikiwa mifukoni mwa watu. Ni sawa na kijana aliyevaa fulana ya njano na kushika kitabu cha risiti pale kwenye maegesho: wenye magari wanamlipa kwa sababu ya fulana, hakuna anayeuliza nani kamtuma. Ikiwa mpangilio wako ni TTLS pamoja na PAP, anapokea nenosiri kama lilivyo. Ikiwa ni MSCHAPV2, anapokea fumbo. Mwaka 2012 Moxie Marlinspike na David Hulton walionyesha kwamba fumbo hilo linapungua hadi kuwa ufunguo mmoja wa DES wa biti 56, na mashine waliyoitumia iliweza kuupata ndani ya siku moja. DES, mbinu ya usimbaji, ilifanywa kiwango rasmi cha Marekani mwaka 1977, kwa hiyo siri ya mwanafunzi wa leo inalindwa na kufuli lenye umri wa wazazi wake. Na nenosiri la waifai ya chuo kwa kawaida ndilo la barua pepe, la matokeo ya mitihani, na kwa wafanyakazi, la hati ya mshahara.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo husemwa na watu wa TEHAMA wenyewe: maelekezo yapo, yamebandikwa ukutani, watu wasome. Kweli yamebandikwa. Ni karatasi ya A4 yenye picha za skrini ya simu ambayo haijauzwa dukani kwa miaka kadhaa, na mshale mwekundu unaoelekeza kwenye kitufe ambacho sasa kiko upande mwingine. Lakini tuseme karatasi ni mpya na mtu kaisoma neno kwa neno. Kibodi ya simu inampendekezea barua pepe yake, anaigusa ili asichoke kuandika, na kibodi kwa ukarimu wake inaongeza nafasi moja mwishoni. Nafasi hiyo haionekani. Seva inaona jina la chuo kisichokuwepo duniani na inamkataa. Mwingine anaandika jina lake bila sehemu ya @ na jina la chuo. Nyumbani linakubaliwa kwa sababu seva inamjua, akifika ugenini hakuna anayejua swali lake lipelekwe wapi. Wa tatu simu yake ilizima kabisa, ikaamka ikiamini kwamba ni Januari 1970, hivyo kila cheti inachoonyeshwa ni cha wakati ujao. Saa ingejirekebisha kwa kutumia intaneti, na intaneti inasubiri saa. Watu hawa watatu wana makosa matatu tofauti, na skrini inawapa wote jibu moja: tatizo la uthibitishaji. Karatasi ya ukutani haiwezi kuwasaidia, na hata yule dogo hapa anaishiwa maarifa, anabaki na ushauri wake wa mwisho: “Sahau mtandao, uanze upya.”

Kisha kuna nenosiri linalobadilishwa. Idara nyingi huwalazimisha watu wabadilishe kila baada ya siku 90 au hivyo, kwa nia njema. Mhasibu anabadilisha lake ofisini kwenye kompyuta, anapongezwa na skrini, anatabasamu. Mfukoni simu yake haina habari. Inaendelea kubisha hodi kwa nenosiri la zamani, tena na tena, kwa uaminifu ambao mwenye simu angependa kuuona kwa watu wengine. Baada ya mara kadhaa seva inahitimisha kwamba mhasibu anashambuliwa na kumfungia akaunti. Anaenda TEHAMA, anafunguliwa, anarudi kwenye kiti, simu inambishia hodi tena na kumfungia. Nani hapa ana uzembe? Mtu alifuata sheria kwa tarehe iliyopangwa. Kilichokosekana ni mfumo wa kumkumbusha kwamba mipangilio yake ipo sehemu mbili.

Wengine hukata tamaa na kusema afadhali nenosiri moja kwa wote, kama mgahawani. Hapana. Nenosiri la wote hufika kwa muuza chapati wa nje ya geti kabla halijafika kwa wakufunzi wa muda, na siku mmoja akifukuzwa kazi hamuwezi kumtoa yeye peke yake. Utaratibu ubaki, fomu ndiyo iondoke.

Google walijaribu kitu karibu na hicho. Sasisho la usalama la Desemba 2020 liliondoa chaguo la Usithibitishe kwenye simu za Pixel zenye Android 11. Kiusalama walifanya sahihi, na mimi niko upande wao. Ila waliziba tundu wakaacha swali. Mtu aliyezoea kuponea kwenye chaguo lile sasa akakutana na kisanduku cha kikoa kisichotaka kuachwa kitupu, wakati chuo chake hakijawahi kumtajia kikoa. Android 13 ikaleta suluhu ya kati: simu inakuonyesha cheti mara ya kwanza, inakuuliza kama unakiamini, na inakikumbuka baada ya hapo. Ni hatua mbele, ijapokuwa anayeulizwa bado ni yuleyule asiyejua, na akiona kitufe cha kuamini atakibonyeza kama anavyobonyeza vingine.

Dawa iko tayari, na si ya kubuniwa kesho. Eduroam wana zana iitwayo CAT: msimamizi anajaza majibu ya chuo chake mara moja, kisha zana inatengeneza kisakinishi kwa kila aina ya kifaa. Ipo pia programu ya geteduroam kwa simu. Mtumiaji anaandika yale mambo mawili anayoyajua, mengine yanajijaza, cheti kinakaguliwa bila kumsumbua mtu. Atasema mwenye pingamizi: ili upakue kisakinishi unahitaji intaneti, na intaneti ndiyo uliyokuja kuitafuta, kwa hiyo mwanafunzi maskini atalazimika kununua bando ili apate cha bure. Hoja hii ni ya kweli na ina jibu rahisi. Chuo kifungue mtandao mdogo usio na nenosiri, unaofika kwenye ukurasa wa kisakinishi na si kwingine, au kazi hiyo ifanyike kwenye meza ya usajili, pale ambapo mwanafunzi anasubiri foleni kwa nusu siku akiwa na simu mkononi. Baada ya hapo karatasi ya ukutani itabaki na mistari miwili: anwani ya kisakinishi, na namba ya simu ya ofisi ya TEHAMA kwa atakayekwama. Mstari wa kwanza utapita kikaoni bila mjadala. Huo wa pili utaahirishwa hadi kikao kijacho.